Kanga Mpya na Mayai ya Mnyoo wa Mrija

Siku ile mliponiaga kituoni nikistaafu, mmeshika soda zenu, mmoja wenu alisema, "Mzee Hemedi, usituandikie vyeo, tuandikie kazi." Vyeo vya kuandika sina, kwa hiyo sharti hilo halikunitisha. Kinachonitisha ni kalamu. Shule yangu ni darasa la saba, na zaidi ya hapo nilijifunza kwa kusimama nyuma ya mabega ya watu. Nina madaftari yangu ya miaka yote, nimeyapanga mezani. Mahali ambapo daftari linasema hivi na kichwa changu kinasema vile, nimelifuata daftari, isipokuwa mara moja ambapo najua daftari lilidanganya, kwa sababu nilidanganya mimi.

Nilifika Raskazone kuomba kazi ya ulinzi. Kituo cha utafiti wa bahari kilikuwa nyumba ya wakoloni, baraza pana, na ndani harufu ya matope ya pwani ambayo nguo zangu hazikuiacha tena. Nilimkuta fundi wa maabara, Bwana Mhando, Mbondei wa Muheza, mfupi, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi wa mkonge.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Nguvumali. Nina darasa la saba."

"Darasa sijakuuliza. Shika hii."

Akanipa sindano na uzi. Nikatunga. "Tena," akasema. Nikatunga. Mara ya tatu akaniuliza habari za baba yangu, na baba alikuwa amefariki mwezi uliopita, nikamjibu huku natunga, na uzi ukaingia vilevile. Akachukua sindano yake. "Mlinzi tunaye. Wewe utakaa ndani na mimi."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sijui hadi leo kama alijua habari za baba. Nilitaka kumuuliza miaka yote, nikaona haya.

Ndani kulikuwa na hadubini moja nzuri isiyo na taa. Balbu yake ilikuwa imeungua, na nyingine hazikupatikana nchi nzima, au ndivyo tulivyoambiwa. Mhando aliifungia kioo cha kujitazamia, akawa anachukua mwanga wa jua. Basi kazi ikafuata jua: asubuhi dirisha la mashariki, alasiri dirisha la magharibi, na saa sita mchana jua likiwa juu ya paa tulikunywa chai isiyo na sukari na kumsengenya Daktari. Daktari ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, mtu wa Bukoba, mpole kuliko wakubwa wengi. Tulimsengenya kwa sababu alikuwa peke yake wa kusengenywa.

Nyinyi mnyoo wetu mnamjua, ila naandika kwa ajili ya atakayekuja baadaye. Anakaa kwenye mrija anaoujenga mwenyewe mchangani, na mdomoni mwa mrija anabandika vipande vya chaza, majani ya bahari, miguu ya kaa, chochote anachokiokota. Maji yakipwa unaona kitu kama kidole kichafu kimesimama. Dume na jike kwa nje hawana tofauti mpaka wapevuke: jike anaiva kijani, dume anakuwa mweupe kama tui. Mayai yanakua ndani ya mwili, yanaelea humo. Yai changa lina nyuzi mbili za chembe ndogondogo, moja huku moja huku, zinazolilisha, utasema limebeba tasbihi mbili. Likiiva, nyuzi zinadondoka. Yai lenye nyuzi ukilichanganya na mbegu ya dume unapoteza siku yako.

Mara ya kwanza nilipoliona yai hilo nilimwambia Mhando lina mkia. Akanisukuma kidogo akatazama. "Mikia miwili. Andika mikia miwili. Usinipunguzie."

Daktari alitaka kujua nyuzi zinadondoka miezi gani, na kama watoto wa mnyoo wanaweza kulelewa ndani ya sahani. Wavuvi walikuwa wakimchimba kwa chambo, na fukwe zilizo karibu na mji zilikuwa zinaisha. Ilikuwa ni kazi ya miaka. Tulikuwa na miaka mingi, vingine vyote vilikuwa pungufu.

Mnyoo lazima achimbwe na mtu, na huyo mtu alikuwa Mwanaidi. Kwao Mwarongo, mjini alikuwa akikaa kwa shangazi yake Nguvumali. Alinizidi miaka kama minane. Alikuwa kibarua, si mwajiriwa, na Daktari alikuwa amemwahidi kwamba tukifanikiwa kulea watoto wale mpaka wapevuke, ataombewa nafasi ya kudumu. Siku ya kwanza Mhando alinituma naye ufukweni nikajifunze. Nikauona mrija, nikaushika, nikauvuta. Ukaja na nusu ya mnyoo.

"Umempata kilemba," Mwanaidi akasema. "Tumbo limebaki chini, na mayai yamo tumboni."

"Nilivuta polepole."

"Hukuvuta polepole. Na unatembea kama askari wa gwaride, wanakusikia mpaka Pemba."

Akanionyesha. Alitembea uso umeelekea jua ili kivuli kibaki nyuma yake. Alikanyaga kwa vidole. Alichomeka chuma chake mshazari, mkono mzima mbali na mrija, akapita chini yake, akainua mchanga wote kwa pamoja, na mnyoo akawa amelala humo mzima, hajui kama amehama. Sijawahi kuchimba hivyo. Nimejaribu miaka arobaini. Kama kuna mtu anasema nilikuwa mchimbaji mzuri, msimwamini.

Miaka ile ilikuwa ya foleni, na kila mtu wa rika langu ana hadithi zake za foleni, kwa hiyo za kwangu nitazifupisha. Spiriti ya kuhifadhia iliisha, tukawa tunatazama mayai mabichi siku ileile. Sabuni ikaisha, tukawa tunaosha sahani kwa maji ya bahari na kuzianika juani. Daktari baadaye alikiri kwamba mayai yalipenda hivyo zaidi. Kisha chujio la hariri lililotoka ng'ambo likachanika. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Ukimfungua mnyoo, mayai yanatoka pamoja na maji ya mwili wake, na maji hayo yakibaki yanaoza na kuua. Chujio linayapitisha maji na kuyashika mayai.

Mwanaidi alitusikia tukilalamika. Kesho yake akaja na kipande cha kanga yake kuukuu, imefuliwa mpaka ukiiinua unamwona mtu upande wa pili.

"Jaribuni hii. Hata aibu imekwisha, haina tena cha kuficha."

Tulikata sehemu yenye maandishi tukaiweka pembeni, Mhando akisema hataki mayai ya serikali yafundishwe mafumbo. Tukachuja, tukatia mbegu ya dume. Asubuhi ya pili, dirisha la mashariki, nikaweka jicho nikaona kitu ambacho sijui kukieleza vizuri hata sasa. Mayai yalikuwa hayapo. Palikuwa na vitu vya mviringo, kijani, kila kimoja kina mshipi wa nywele kiunoni, vinazunguka kama pia na kwenda vinakotaka. Nilipiga kelele. Mhando akaja, Daktari akaja na kikombe mkononi, mlinzi naye akaacha lango. Tulipeana zamu kama watoto. Mwanaidi alikuwa ameshashuka ufukweni kuwahi maji ya asubuhi.

Kwa miaka kadhaa tuliwalea. Wengine walifika hatua ya kujenga mirija midogo chini ya sahani, kwa punje za mchanga. Ikiwa kuna wakati wa maisha yangu ningeuomba tena, ni ule. Asubuhi namsikia Mwanaidi anapanda ngazi za baraza, miguu ina maji, anaweka debe na kuniuliza, "Jana walizunguka?" Mimi nasema, "Walizunguka." Anasema, "Haya." Hayo tu. Hata sijui kwa nini nayakumbuka mazungumzo mafupi hivyo na nimesahau hotuba za mawaziri.

Mhando akastaafu, akarudi Muheza kwenye machungwa yake. Siku ya mwisho alifungua kitabu cha kazi akaniwekea kidole kwenye safu aliyoichora mwenyewe, imeandikwa Kilichobadilika. "Kila siku ujaze. Na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Ukibadilisha viwili na wakafa, hutajua kipi kimeua." Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Kuelewa hakukunisaidia.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa kwa miezi michache, mitumba ikashuka, sabuni ikawa na rangi tatu. Kipande chetu cha kanga kilikuwa kimechanika katikati. Nikapita kwa Bwana Husseinali, Muhindi muuza kanga ambaye mama alikuwa akinunua kwake tangu zamani.

"Karibu, Hemedi. Chagua, chagua, sasa kuchagua kupo."

Nilishika kanga mpya, nyekundu yenye maua. Nilikuwa sijanusa nguo ya dukani kwa muda mrefu. Nilisimama pale nimeiweka puani kama mwehu, Bwana Husseinali akacheka. Nikainunua. Nikaikata mwenyewe kwa mkasi wa maabara, nikaona fahari. Nataka mnielewe hapa, nyinyi mliokulia kwenye vitu. Sisi tulikuwa tumetumia vibovu miaka mingi kiasi kwamba kitu kipya hakikuweza, kwenye akili zetu, kuwa na kosa. Kosa lilikuwa la vitu vikuukuu.

Wiki ileile Mwanaidi alihamia ufukwe mwingine, upande wa Mwambani, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umemalizwa na wachimba chambo. Katika safu ya Kilichobadilika niliandika, "Pahali pa kuchimba." Kanga sikuiandika. Haikunijia kwamba ni badiliko. Niliiona ni usafi.

Mayai yakaanza kufa. Yai linagawanyika mara moja, pengine mara mbili, kisha linavimba, linakuwa jeupe, basi. Tukarudia. Wakafa. Msimu mzima wa kuiva ukapita hivyo. Siku moja, wiki ya pili, nilikamua kanga juu ya beseni jeupe nikaona maji yana wekundu kidogo, kama mtu ameyaonyesha tu ua. Nikajiambia ni mwanga wa dirisha. Daftari langu la siku hiyo linasema, "Maji safi." Hapo ndipo lilipodanganya.

Daktari alituita. Simlaumu, alifanya ambacho mtu mwenye akili angefanya. Alifungua kitabu, akasoma safu, akaona jambo moja tu lililobadilika.

"Mwanaidi, kule Mwambani unawachimba kama zamani?"

"Kama siku zote."

"Huwashiki kwa nguvu? Hawakai juani?"

"Daktari, mimi ni yuleyule."

"Najua. Lakini wanakufa. Hebu pumzika kwanza, tujaribu mchimbaji mwingine."

Mwanaidi akaiangalia mikono yake, akaigeuza. "Basi na hawa pia," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Akachukua chuma chake akashuka ngazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, sikusema kitu. Sikuwa na uhakika, ni kweli. Lakini nilikuwa na shaka, na shaka ilitosha kufungua mdomo.

Aliyekuja baada yake alivunja minyoo kwa wingi, na wazima wachache aliowaleta, mayai yao yalikufa vilevile. Hata hapo hatukumrudisha. Tukasema pengine ufukwe una sumu.

Ilikuwa mvua iliyoniumbua. Kanga mpya ilikuwa imelowa kwenye kamba, na maji yasiyo na chumvi yanaua mayai, nami nina jike aliyeiva mezani hawezi kungoja. Nikapekua kabati nikapata kile kipande cha maandishi tulichokikata zamani, kikuukuu, laini. Nikachujia hicho. Asubuhi wakazunguka.

Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikafanya alivyonifundisha Mhando: jike mmoja, mayai nusu kwa nusu, kanga kuukuu huku, kanga mpya kule. Nikarudia mara tatu. Kila mara upande mpya ulikufa. Ni rangi na wanga wa kiwandani vilivyoua. Nikaenda kwa Daktari nikamweleza yote, na ule wekundu pia. Aliuzungusha mkasi mezani.

"Safu ya mabadiliko aliijaza nani?"

"Mimi."

"Basi nenda wewe ukamwambie."

Ilikuwa imepita miezi mitatu. Shangazi wa Nguvumali alisema amerudi kwao. Nilikwenda Mwarongo kwa baiskeli. Nilimkuta barazani kwa dada yake anasuka makuti, na chuma chake cha kuchimbia kimesimikwa uani, mbuzi amefungwa hapo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepotea njia?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nilianzia katikati. Alisuka mpaka nikamaliza.

"Daktari kakutuma uje kunifariji?"

"Kanituma kwa sababu kosa ni langu. Ni kanga niliyoinunua mimi."

"Hemedi, unanionea huruma. Sikiliza nikwambie, kwa kuwa umetoka mbali. Mimi nimezaa mara tatu. Hakuna aliyefika arobaini. Kwa mume wangu walisema mikono yangu hailei. Mama mkwe alininyang'anya hata vifaranga vya kuku. Nikaja mjini nikasema, huko nachimba tu, silei kitu. Halafu mkaniambia wa baharini nao wanakufa." Akakata ukuti kwa meno. "Nimeacha kupika uji wa watoto wa dada. Nawaogopea."

Mtu aliyesoma zaidi angepata maneno ya kumliwaza. Nilisema nilichokijua tu, kazi.

"Njoo ufanye wewe. Uchimbe wewe, ufungue wewe, uchuje wewe. Mimi sigusi kitu."

"Na wakifa?"

"Wakifa sitakusumbua tena."

"Ukishakwenda wewe hutanisumbua, lakini mimi nitabaki na hilo."

Nilijua ninamwomba nini. Nilirudi Tanga nikijilaumu, nikijua kwamba yai linaweza kufa kwa sababu mia, na mimi nimeuweka moyo wa mtu juu ya sahani moja.

Alikuja kwenye maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali, bila kutoa taarifa. Nilimsikia ngazini. Debe lilikuwa na minyoo watano, wote wazima, wote wa Mwambani. Nilimpisha kitini. Nikaweka mikono nyuma, kama nimekamatwa. Nilimwelekeza kwa mdomo: kata sehemu ya nyuma tu, ya mbele irudishe kwenye beseni lenye mchanga, fungua hapa, mimina kwenye kanga kuukuu, suuza, tena, sasa tone la dume, moja tu. Aliifuta mikono yake mara mbili kabla ya kugusa mnyoo. Akishagusa, haikusita. Hakuna fundi niliyemwona, na nimewaona wengi, aliyefungua jike bila kupoteza yai kama vile.

Alilala kwa shangazi yake. Asubuhi alikuwa barazani kabla sijafungua mlango. Nilitaka kutazama kwanza ili kama wamekufa nijue nitasemaje. Kisha nikaona kwamba huko ni kumnyima tena. Nikaiweka sahani chini ya hadubini, nikageuza kioo kitafute jua, nikamwambia akae.

Hapo ndipo nilipong'amua, naandika hili kwa aibu, kwamba katika miaka yote ile, sisi wote tuliopeana zamu, pamoja na mlinzi wa lango, hakuna aliyewahi kumwambia Mwanaidi njoo utazame.

Aliweka jicho. Akalifumba, akaweka la pili. Nikamwonyesha kidude cha kuzungushia, akazungusha. Akatulia.

"Wanakwenda," akasema.

"Wangapi?"

"Mbona unaniuliza wangapi, wamejaa. Huyu anazunguka. Huyu kampiga kumbo mwenziwe." Akakaa muda mrefu, jua likasogea nikasogeza kioo, hakunyanyua kichwa. "Hawa aliwashika nani?"

"Wewe."

"Tangu mchangani?"

"Tangu mchangani mpaka hapo. Mimi nimeshika kioo tu."

Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa, na alama ya duara la hadubini imekaa kuzunguka jicho. Daktari alitoka ofisini, akamwomba radhi mbele yangu, akamwambia nafasi ya kudumu ataiombea wiki hiyohiyo. Mwanaidi akamshukuru. Akasema hapana.

"Nilikuja kujua tu, Daktari. Dada ana watoto wanne, na kutwa yuko shamba. Nimewaacha na njaa, narudi kuwapikia."

Daktari akarudi ndani. Mimi nilikuwa na mambo ya kumwambia, mengine si ya kazi, niliyabeba tangu siku ile ya kilemba ufukweni. Niliitoa sahani kwenye hadubini ili isipate joto, nikaishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Jumanne maji yatakupwa mapema," nikasema.

"Najua." Alikuwa anaangalia beseni. "Huyu mama yao, atakufa?"

"Hafi. Alichokatwa kitaota. Atajenga mrija mwingine."

"Basi nampeleka mwenyewe."

Akamchota pamoja na mchanga wake kwenye kifuu, akashuka ngazi, akavuka majani mpaka ufukweni. Nilimwona akitoboa shimo kwa kidole, akimweka, akifukia kidogo. Hakuondoka. Alisimama hapo maji yakijaa, yakimfika vifundoni, kanga ameikunja magotini. Kutoka barazani hadi pale ni hatua chache, mnapajua. Lakini nilikuwa nimebeba sahani ya watoto wale, maji yake yamefika ukingoni mwa sahani, na sikuweza kuiweka chini wala kwenda nayo.